Haki ya Kuiamini Kazi ya Mkono Wako

Katika kazi nyingi za wanadamu iko sehemu inayoonekana na iko sehemu inayofunikwa. Ukuta ukisha kupakwa chokaa, aliyejenga kwa mawe mabovu na aliyejenga kwa mawe mazima huonekana mafundi sawa mpaka masika yaje. Kazi ya kufunikwa ina shahidi mmoja tu, naye ni mtendaji mwenyewe. Na huyo, kwa bahati mbaya, ndiye mwenye sababu nyingi kuliko watu wote za kuisifu. Swali langu ni hili: mtu aliyeitenda kazi ya namna hiyo kwa mkono wake ana haki gani ya kuiamini, hasa ikiwa maisha ya wenziwe yamewekwa juu yake? Mfano nilio nao ni mdogo, wala hauna fahari. Ni gasketi ya mashine ya boti.

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu katika kisiwa cha Jibondo, upande wa kusini wa Ghuba ya Chole, Mafia. Nilikuwa na ubia wa boti na shemeji yangu. Boti ile ilikuwa na mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 15, yenye silinda mbili, ya aina inywayo petroli iliyochanganywa na oili. Miaka ile Jibondo ilikuwa na dhiki kubwa ya maji matamu, na mengi ya maji ya kunywa yalivushwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Asubuhi boti yetu ilivusha madumu, na jioni ilivusha watu.

Asiyeijua gasketi na aiwazie karatasi ngumu, nyembamba, iliyotobolewa kwa umbo la mashine, ikalazwa baina ya silinda na kifuniko chake, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Upande mmoja wa karatasi ile uko moto: petroli yawaka na kuisukuma pistoni mara elfu kadha kwa dakika. Upande wa pili, karibu mno, yako maji ya bahari yaliyovutwa na pampu kuja kuipooza mashine. Moto na maji hukaa nyumba moja, na karatasi ile ndiyo ukuta wa baina ya vyumba. Ikiungua, maji huingia penye moto na moto hutoroka penye maji. Mashine hupungukiwa na nguvu, huwa nzito kuwaka, na plagi ukiifungua waikuta imelowa chumvi.

Yetu iliungua kwa kosa langu. Mfuko wa plastiki ulinasa penye matundu ya kuvutia maji chini ya mashine. Kila mwendesha boti ajua kwamba yapasa kukitazama kijimkondo cha maji kitokacho ubavuni mwa mashine, na kwamba kikikatika hapana budi kuizima mara moja. Mimi nilikuwa nikizungumza. Nilipogeuka kutazama, mashine ilikuwa tayari inanuka kuungua.

Fundi alikuwako Kilindoni, lakini alihitaji siku ambazo wanywa maji wasingeweza kungoja, na fedha ambazo hatukuwa nazo. Basi tuliagiza gasketi mpya kutoka Dar es Salaam, nami nikajitwika kazi. Sikatai kwamba palikuwa na furaha ndani yake. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno kujitegemea limekaa katika vinywa vyetu kama neno la heshima, na mwalimu aliyelifundisha darasani hupenda aonekane analitenda ufukweni. Walakini kujitegemea maana yake ni mtu kuitegemea juhudi yake mwenyewe. Abiria aliyelipa nauli hajitegemei, ananitegemea mimi. Tofauti hiyo sikuiona siku ile.

Bolti za chuma zilizokaa miaka ndani ya alumini penye maji ya chumvi huumana nayo hata zikawa kama kitu kimoja. Siku tatu nilizitia mafuta ya kulegeza kutu, nikizigonga polepole asubuhi na jioni, kwani anayelazimisha hukata bolti, na kipande kikibaki ndani msiba huwa mwingine. Zilipotoka niliyakwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa kipande cha mwanzi, si kwa patasi, maana alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja ni njia ya maji. Kisha kwa kuwa joto huipinda silinda hedi, nililaza msasa juu ya kioo cha dirisha nikaisugua hedi juu yake kwa mwendo wa kuandika tarakimu 8, mpaka uso wote ukawa na rangi moja. Kipindo kinachovumilika ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya daftari la mwanafunzi. Sijapata kufanya kazi iliyonituliza moyo kuliko ile. Saa mbili nilisugua bila ya kuwaza lolote.

Lililobaki lilikuwa kufunga. Bolti hukazwa kuanzia za katikati kwenda za pembeni, kwa zamu, kwanza kwa nusu ya nguvu, halafu kwa nguvu kamili. Na nguvu hiyo imeandikwa katika kitabu cha mashine, hupimwa kwa spana maalumu. Spana hiyo sikuwa nayo. Nilipima kwa mkono wangu. Na katika zamu ya pili bolti moja ya pembeni, badala ya kuwa ngumu kama wenziwe, ilizunguka kwa ulaini, ikazunguka tena kidogo, kisha ikasimama. Aliyewahi kufunga bolti katika alumini ajua maana ya ulaini ule: hesi za ndani zimeanza kuachia. Nami nilijua. Nikajiambia kwamba imesimama, kwamba zilizobaki zatosha, kwamba kesho nitaitazama. Nikafunika mashine. Tukaijaribu ndani ya pipa la maji ya bahari (ya kunywa hayachezewi Jibondo), ikawaka kwa mvuto wa pili, na watoto wakashangilia.

Usiku ule ule uligongwa mlango wangu. Mwanamke mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, na mkunga alikuwa amesema apelekwe hospitali ya Kilindoni. Maana yake kuvuka hadi Utende, na kutoka pale kwenda kwa gari. Boti nyingine ilikuwa imekwenda kuvua. Maji yalikuwa yanakupwa, tena ya bamvua. Wajuao ghuba ile wanaujua mlango wa Kinasi, ambako maji yakupwapo hutoka kwa nguvu kwenda bahari kuu. Boti iliyozimika karibu nao usiku haiendi inakotaka.

Ufukweni nilimkuta mama wa mgonjwa ameketi juu ya mchanga, ameshika kichwa cha mwanawe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mashine hii nimeifunga leo mimi mwenyewe. Mimi si fundi, na bolti moja siiamini."

Akanitazama. "Wewe wapanda?"

"Napanda."

"Basi twende. Lakini chukua tanga."

Tulichukua tanga, makasia mawili na upondo. Shemeji alikaa mbele na taa, nami nilikaa na mashine, jicho langu halikuondoka katika kile kijimkondo cha maji. Tulifika Utende. Mtoto alizaliwa salama, wa kike.

Ningeweza kuishia hapa, na msomaji angedhani kwamba jawabu limepatikana: iliyofungwa ilifungika, maana tulivuka. Lakini mwaka 1877 Mwingereza mmoja aitwaye William Kingdon Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, aliandika makala juu ya maadili ya kuamini, na ndani yake akaeleza habari za mwenye meli. Meli yake ilikuwa kuukuu, iliyohitaji matengenezo mara nyingi, nayo ilikuwa karibu kusafiri na wahamiaji. Shaka ilimjia, akaizima kwa kujikumbusha safari nyingi ambazo meli ile ilifika salama, hata akaamini kwa moyo safi. Meli ilizama, naye akapokea fedha za bima. Clifford alimhukumu kuwa na hatia. Na hapo kila msomaji hukubali. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hulikataa: kwamba hata kama meli ingalifika, hatia ya mtu yule isingalipungua chembe, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao.

Nilipoisoma habari hiyo miaka baadaye niliona kwamba ninamzidi mwenye meli kwa jambo moja na ninapungukiwa naye kwa jambo jingine. Namzidi kwa kuwa shaka yangu ya usiku ule sikuizima. Niliitoa nikampa mwenye haki nayo. Tena mwenye meli angeweza kungoja, nami nisingeweza: kukataa kungekuwa hatari kama kukubali, na hatari ya mtu mwenye akili timamu haifai kuchaguliwa na mtu mwingine kwa siri. Yule mama alipoambiwa, aliuliza jambo la kweli. Swali lake la kwanza, kama napanda, lilipima unyofu wangu tu. Mjinga naye hupanda boti yake mbovu kwa furaha, na kuzama pamoja na abiria hakumfanyi nahodha kuwa mkweli wa kazi. Neno lake la pili, juu ya tanga, ndilo lililopima kazi yangu. Aliikubali shaka akaitafutia nafasi ndani ya chombo.

Ninapopungukiwa ni hapa. Mwenye meli alidanganywa na tamaa ya faida, na tamaa ya faida hutambulika upesi. Hata mwenyewe huionea haya. Mimi nilidanganywa na mapenzi ya kazi yangu, nayo huvaa nguo za wema. Baada ya safari ile nilivusha watu siku saba, wazee na wanafunzi na wachuuzi wa pweza, wala sikumwambia hata mmoja habari ya bolti. Kwa nini? Kwa sababu tulivuka usiku wa bamvua! Safari iliyofanywa kwa dharura, kwa kukiri shaka, na tanga likiwa tayari, niliigeuza ikawa cheti cha mashine. Tanga lenyewe nililirudisha nyumbani siku ya pili, maana lilichukua nafasi ya madumu.

Sisemi kwamba mtu asijitengenezee. Katika visiwa, asiyejua kufungua mashine yake ni mateka wa anayejua, na mkono usiokosea kwanza haujifunzi. Nasema kwamba haki ya kuiamini kazi iliyofunikwa haitoki katika jasho la aliyeifunika. Hutoka katika kipimo kilichoko nje yake: spana ipimayo, jicho la pili, safari za majaribio bila ya mtu asiyejua. Jasho langu lilinipa haki ya kuipenda mashine ile, si zaidi ya hapo.

Siku ya nane tuliona ukoga mweupe wa chumvi umechora mstari kuizunguka ile bolti. Tuliishusha mashine, tukaipeleka Kilindoni. Fundi aliigusa bolti kwa spana, nayo ikatoka bila ya ubishi, hesi za alumini zikiwa zimejiviringa juu yake kama uzi. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Nani aliyeifunga hii?"

Shemeji alitazama chini.

"Ni mimi," nikasema.

Fundi akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza karibu na meza yake. "Basi kaa hapa, mwalimu," akasema, "utazame."