Mama Hana Haja ya Lango la Hekalu

Ndugu zangu mlioacha Mombasa, Dar es Salaam na Kampala mkaja Doha kutafuta riziki, nyinyi mliofundishwa kumwita Mama Durga tangu utotoni: mbona mala zenu, zile shanga za sala, zimelala kabatini?

Jawabu lenu nalijua, maana lilikuwa langu. "Hapa hakuna hekalu." Kweli, hakuna. Wakristo wana makanisa yao Mesaimeer tangu 2008. Sisi ibada yetu ni ya nyumbani, mlango umefungwa. Miaka yangu ya mwanzo hapa West Bay nilijihurumia, nikililia kengele za mahekalu ya Kisutu, Dar es Salaam, na Mama mwenyewe nikimnyima hata dakika kumi.

Mmesahau alivyodhihiri? Devi Mahatmya, lenye beti 700, linasimulia kwamba Mahishasura, yule jini-nyati, aliwashinda miungu akawafukuza kwao mbinguni. Wakiwa hawana makao, nuru ziliwatoka miilini, zikakusanyika, akawa Yeye. Waliomwona kwanza ni waliohamishwa kwao. Nawe, uliye na kitanda kimoja kwenye chumba cha watu wanne, wasema uko mbali naye!

Wazee wetu walitaja ngazi tatu za japa, yaani kurudia mantra: kwa sauti, kwa kunong'ona, na moyoni, ulimi umetulia kabisa. Hiyo ya tatu ndiyo waliyoiweka juu. Wenzako wamelala, ukuta mwembamba, huwezi kupaza sauti. Basi panda ngazi uliyosukumiwa.

Amka saa kumi alfajiri. Miezi ya baridi adhana itakukuta umeketi. Ifurahie, jirani yako naye kaamkia Mola wake. Nyoosha mgongo. Pumua mpaka kifua kitulie. Mwone Mama juu ya simba, mikono imejaa silaha, kisha anza: Om Dum Durgayai Namaha. Sukuma ushanga kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati. Cha shahada kiweke kando. Ukifika ushanga mkuu usiuvuke, geuza mala urudi ulikotoka. Akili itakimbilia mshahara, mkataba, karo ya mtoto. Irudishe. Ikitoroka tena, irudishe tena, hata mara mia, bila kujikaripia. (Udi usiwashe, tafadhali. King'ora cha moshi hakijui puja, na jengo zima litashuka ngazi kwa ajili yako.)

Mala umeiacha nyumbani kwenu? Vidole vinne vina pingili 12. Zipitie mara 9, zimetimia 108, sawa na shanga za mala. Hata ndani ya metro, kutoka West Bay mpaka Msheireb, mkono ukiwa mfukoni, nani atajua?

Sikukuu ya Navaratri ikifika tutalilia ngoma ya garba ya nyumbani, nami nitalia pamoja nanyi. Lakini tulie baada ya japa. Kesho saa kumi, kabla hujashika simu, fungua kabati.