Nani Anastahili Kuulizwa?

Mdodosaji wa utafiti wa soko huanza na nyumba kabla ya bidhaa. Sakafu ni ya saruji au ya udongo? Choo kiko ndani au nje? Mna friji? Mkuu wa kaya amesoma hadi wapi? Majibu yanajumlishwa, kaya inapewa ngazi, na ngazi ndiyo inayoamua kama mazungumzo yataendelea. Mara nyingi yanakatikia hapo: "Asante mama, watu wa kundi lako wameshatosha." Mama hajaulizwa hata anapenda sabuni gani.

Tunapompa mtu ngazi, tumejua nini hasa juu yake?

Utaratibu wenyewe una haki ya kutetewa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, majina mengi yakitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, jarida likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Wengi hawakurudisha karatasi zao, hilo nalo lilichangia. Lakini katika miaka ile ya mdororo, mwenye simu na gari hakuweza kuwasemea wote. George Gallup aliuliza watu wachache mno kuliko hao, akihakikisha kila tabaka limo, na akamtaja mshindi sawasawa. Hapo ngazi ilifanya kazi njema: ilimtafuta asiyesikika.

Kipimo hichohicho kikiwekwa mlangoni, kinamzuia mtu yuleyule. Mwenye bidhaa anataka kusikia "wenye uwezo" tu, na uwezo unasomwa kwenye vitu. Afrika Kusini ilikuwa na kipimo mashuhuri cha namna hiyo, LSM, kilichogawa watu katika makundi 10 bila kuuliza rangi wala mshahara, kwa kutazama mambo kama maji ya moto ya bomba na friji. Kukwepa rangi katika nchi ile ni jambo la kuheshimiwa. Ila vitu navyo havisemi kila kitu.

Chukua friji. Mama anayeuza barafu na juisi za pakiti uswahilini Dar es Salaam anayo, pengine ya mkopo, imesimama sebuleni kwa sababu hapana pengine pa kuiweka. Ndani hamna nyama wala maziwa ya familia. Kuna vifuko vya juisi vinavyosubiri watoto watoke shule. Dodoso linamhesabia alama za mwenye nafasi, wakati friji kwake ni jembe. Mfugaji mwenye ng'ombe mia, anayelala kwenye nyumba ya udongo isiyo na umeme, anaweza kuwekwa ngazi ya chini kabisa.

Makosa ya hesabu yanarekebishika. Kinachonisumbua zaidi kiko ndani zaidi. Mwanafalsafa wa Kanada, Ian Hacking, alionyesha kwamba kuwaainisha watu kunaweza kuwabadilisha haohao walioainishwa. Sokoni naliona hilo wazi. Asiyeulizwa hatengenezewi kitu. Asiyetengenezewa ananunua kilichobuniwa kwa ajili ya mwingine, kwa kipimo kidogo anachokimudu. Baadaye takwimu za mauzo zinasomwa, na hukumu inatoka: watu wa ngazi hii hawachagui, wanafuata bei tu. Kumbe hawakuwahi kupewa cha kuchagua. Kilichoanza kama makadirio ya uwezo wa kununua kimegeuka kuwa maelezo ya tabia ya mtu, na mtu mwenyewe hakuhojiwa.

Uwezo wa kununua ni jambo moja, kutaka ni jingine. Asiye na fedha ya sabuni ya bei kubwa anajua harufu aipendayo na anajua ngozi ya mwanawe inakataa nini. Maarifa hayo hayasomeki kwenye sakafu.

Ndugu mnaotunga madodoso, tumieni ngazi kuhakikisha kila kundi limo. Maswali ya friji na choo yawekeni mwishoni, mtu akishasikilizwa. Na pale idadi inapotimia kweli, mwambieni mapema, kabla hamjamhesabia vyombo vya nyumbani kwake.