Upepo wa Tairi na Kadari

Lori lenye tani 30 za saruji likipasuka tairi kati ya Kibiti na Daraja la Mkapa, watu wakafa, msibani husemwa kwamba siku yao ilikuwa imefika. Kwa mfiwa hiyo ni faraja yake ya haki, wala simpingi. Nampinga mwenye gari anayejifichia humohumo. Tairi lenye upepo pungufu huliwa kingo zote mbili, lililojazwa kupita kiasi huliwa katikati. Likiliwa upande mmoja tu, mara nyingi alaimenti imekwenda. Kwenye matairi pacha ya nyuma, la ndani likilegea la nje hubeba karibu mzigo wote, na lile legevu hujikunja na kunyooka kila mzunguko, likachemka mpaka mpira unaachana na nyuzi. Zamani Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, gari likasimama foleni na kupoa. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, lori laweza kutoka Mtwara na kuuvuka mto na joto lake lote. Kupasuka ni kwa sekunde, lakini kuliwa kwa tairi ni kwa wiki na miezi, na kila alfajiri ilikuwapo nafasi ya kuinama na geji.

Mcha Mungu atasema kwamba kuhesabu sababu namna hii ni kumpunguzia Mola uwezo wake. Lakini Khalifa Umar alipogeuza safari ya Sham kwa ajili ya tauni, aliulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyohuyo. Mpira kuchemka kwa kukosa upepo nako ni kadari. Aliyeujaza hakutoka nje yake. Kweli, tairi jipya laweza kukanyaga chuma usiku likapasuka, na hapo udhuru unasimama. Kweli pia, dereva anayelipwa kwa safari hana fedha za tairi; lawama yake ni ndogo, ingawa akijua na akapakia abiria juu ya mzigo, haifutiki. Kubwa ni ya tajiri aliyeambiwa tairi la ndani limekwisha, akajibu lipige safari moja zaidi. Huyo aliamua kabla gari halijawashwa, na akija msibani na ubani mkononi, aanze kwa kuwaambia wafiwa hilo.