Uso wa Bidhaa na Dhima ya Mchoraji

Katika darasa letu liliulizwa suali ambalo kwanza tulilidhania dogo, na kila tulipoligeuza likazidi kuwa kubwa. Suali lenyewe ni hili: mtu achoraye karatasi ya kufungia bidhaa ana dhima gani juu ya kilichomo ndani? Yeye hakupanda, hakupika, hakupima wala hakuuza. Amechora tu. Je, picha ikisema uwongo, uwongo huo ni wa nani?

Aliyeuliza ni kijana wa mji wetu ambaye maisha yake sasa yako Nairobi, mtaa wa Kileleshwa, magharibi ya jiji. Wenye kuujua mtaa ule zamani huukumbuka kwa nyumba zake za chini na bustani pana. Leo nyingi ya nyumba zile zimeondoka na mahali pao pamesimama maghorofa, na ndani ya maghorofa hayo wamo vijana wanaokula kwa kalamu na kompyuta. Kijana wetu ni mmoja wao. Kazi yake ni kubuni upya sura za bidhaa za madukani: chupa, pakiti, mikebe na maboksi. Mfanyabiashara humletea pakiti iliyochujuka machoni mwa watu, naye huivika nguo mpya ili irudi dukani ikitazamwa.

Siku moja alijiwa na mwenye kutengeneza kinywaji cha embe. Au tuseme kweli: kinywaji cha maji, sukari, rangi na ladha ya embe, maana embe lenyewe halimo. Alitakiwa mambo mawili. La kwanza, achore embe lililopasuliwa, linalotiririka maji yake, na jani bichi juu. La pili, chupa ya mililita 500 ilikuwa inageuka kuwa ya mililita 450 kwa bei ile ile. Basi aipe kiuno chembamba na karatasi ndefu, ili mnunuzi afurahie sura mpya asiulize kipimo. Na mwenye mali akamtuliza moyo: "Hapana uwongo hapa. Maneno 'ladha ya embe' yataandikwa nyuma, na 450 itaandikwa chini. Mwenye macho na asome."

Kijana akatwambia: "Kodi ya nyumba hainingoji, na mama yangu yuko huku akiutazama mkono wangu. Nikikataa mimi, jirani yangu ataichora kabla ya magharibi. Nifanyeje?"

Hatukutaka kumjibu kwa haraka, kwani ni jepesi kwa aliyeketi barazani kumfundisha ucha Mungu mtu anayedaiwa kodi. Tukaanza na asili ya jambo.

Wazee wetu walinunua mchele guniani, kwa pishi na kwa kibaba. Mnunuzi alitia mkono, akanusa, akatafuna punje. Bidhaa ilijitolea ushahidi wenyewe. Pakiti ilipokuja ilileta kheri nyingi: chakula kikasitirika na vumbi na nzi, na uzani ukatoka kiwandani umekwisha kupimwa. Lakini ilichukua kitu kikubwa, nacho ni jicho na mkono wa mnunuzi. Yaliyomo hayaonekani tena. Inayosema kwa niaba yake ni karatasi. Basi karatasi ile ni shahidi, na aliyeichora ndiye aliyemfundisha shahidi la kusema.

Wala tusidhaniwe kuwa twalaumu pambo. Hapa Mombasa tangu mwaka 1887 liko duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo watu hulijua kwa kanga zake za "Mali ya Abdulla". Mwanamke anunuapo kanga hununua pindo, mji na jina. Pambo ndiyo bidhaa yenyewe, naye huiona yote kabla ya kutoa fedha. Uzuri wa namna hiyo hauna lawama. Chupa ni jambo jengine. Embe la karatasini halinyweki. Mnunuzi hulitazama ili ajue kilichomo, na hapo ndipo pambo linapokuwa neno.

Atasema msemaji: picha si neno, na maneno yaliyoandikwa yote ni ya kweli. Twamjibu kwa mafundisho ambayo kila mtu wa darasa ameyasikia. Mtume (S.A.W.) alikataza kumfunga mnyama chuchu asikamwe, kiwele kikajaa, kisha akapelekwa sokoni; na aliyemnunua mnyama wa hali hiyo akapewa khiyari ya kumweka au kumrudisha pamoja na kipimo cha tende. Tulizingatie jambo hili. Muuzaji hakutamka neno. Kiwele ni cha kweli, na maziwa yaliyomo ni ya kweli. Bali sura ilipangwa ili jicho la mnunuzi likadirie lisilokuwako, na hilo likahesabiwa khadaa. Na katika rundo la nafaka lililokuwa kavu juu na umaji ndani, muuzaji alitoa udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini ile iliyoloa hakuiweka juu watu waione. Hakuulizwa alisema nini. Aliulizwa aliweka nini juu. Chupa ya kiuno chembamba ni kiwele kilichofungwa, na "ladha ya embe" iliyoandikwa nyuma ni nafaka mbichi iliyofukiwa chini ya kavu.

Watunga sheria wa zama zetu nao wamelitambua hili. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya biashara ya maziwa ya kopo ya watoto, na ndani yake mikebe ikakatazwa kuwa na picha ya mtoto mchanga. Lau picha ingekuwa bubu, ingekatazwa kwa nini? Ni kwa sababu mtoto mnene aliyechorwa kwenye mkebe humwambia mama, bila ya herufi moja, kuwa maziwa haya hayapungui na yako. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya maziwa hayo mwaka 2012. Sheria za vyakula za Marekani hutafautisha nafasi tupu yenye kazi, kama hewa inayolinda viazi vya kukaanga visivunjike ndani ya pakiti, na nafasi tupu isiyo kazi ila kumpumbaza mtazamaji. Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2024, imeyalazimisha maduka makubwa kubandika tangazo kwa muda wa miezi miwili pale bidhaa inapopunguzwa kipimo na bei yake kwa kipimo ikapanda. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata khabari zitakazomwezesha kufaidika na bidhaa kwa ukamilifu. Khabari iliyofichwa nyuma kwa herufi za chungu haikutolewa, imefichwa.

Basi turudi kwa mchoraji wetu na nyudhuru zake. Udhuru wa kwanza: "nachora tu." Sote twajua kuwa katika riba lawama haikumkomea mwenye kuila, ilimfikia mwandishi wa hati na mashahidi wake. Hatusemi chupa ile ni riba. Twasema kuwa kalamu haitoki nje ya jambo kwa kuwa mkono ulioishika ulilipwa ujira. Na hapa kalamu si ya pembeni: kupimwa kungeweza kufanywa na mtu yeyote, bali khadaa yenyewe isingewezekana bila ya ufundi wa mchoraji. Ndiyo maana alifuatwa.

Udhuru wa pili: "nisipofanya mimi, atafanya mwengine." Hili huenda likawa kweli, na lisimfae. Kila mtu ataulizwa mkono wake, wala hataulizwa wa jirani.

Udhuru wa tatu ni kodi na mama. Huu hatuudharau. Twamwambia tu kwamba na mnunuzi ana kodi yake. Mama wa Kisauni anayehesabu sarafu amnunulie mwanawe kitu chenye tunda ndani, naye akampa maji ya sukari, huyo naye ni mama. Mililita 50 alizopunguziwa ni chache kwa chupa moja. Nazo hupunguka tena kila anunuapo.

Kijana alirudi Kileleshwa akachora sura mbili. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya embe lililoiva, nzuri ya kuvuta macho, isiyokuwa na tunda. Maneno "kinywaji chenye ladha ya embe" yamesimama mbele, na 450 kwa tarakimu kubwa. Ya pili ilikuwa ya chupa ile ile ya mililita 500, bei imeongezwa kwa uwazi. Mwenye mali alizitazama zote mbili, akamshukuru, akaipeleka kazi kwa mwengine. Mwezi ule kijana wetu alikopa ili alipe nyumba. Twayaandika haya kama yalivyokuwa, kwani hatupendi kuwaghuri vijana kwa kuwaambia kuwa ukweli hulipwa Ijumaa hiyo hiyo.

Lakini tukimwacha peke yake tutakuwa tumemdhulumu. Ni nani aliyemfundisha mfanyabiashara kuwa embe la karatasi huuza? Ni sisi, tunaochagua kwa jicho tukaacha kusoma. Na miongoni mwetu wako walio wabaya zaidi, wanaochora kuba la msikiti na hilali juu ya asali na mafuta ya habasoda, ili dini iwe dhamana ya kitu ambacho hakikupimwa na mtu. Aliyechora embe amesingizia tunda. Huyu je, amesingizia nini?

Kwa hivyo twausia mambo matatu. Mnunuzi aigeuze chupa, asome nyuma na chini kabla ya kulipa, na amsomee jirani asiyejua kusoma. Mwenye duka au kiwanda miongoni mwetu ampe kazi mchoraji mwenye kukataa khadaa, ili kukataa kwake kusiwe njaa. Na mchoraji, kila amalizapo kazi, ajiulize suali moja: lau pakiti hii ingekuwa kioo, je, mnunuzi angeona ndani lile nililomwahidi nje? Akiweza kujibu ndiyo, na aipambe apendavyo.