Kabla Hujamimina Maziwa

Mwanangu, kaa kidogo. Najua pikipiki inakungoja, na maziwa lazima yafike Mweso kabla jua halijawa kali. Lakini hiyo bidoni ya plastiki umeisuuza mara moja tu, na sasa unataka kuitia maziwa mapya.

Sisi wazee tulifundishana kwamba moto humaliza yote. Kwa magonjwa mengi ni kweli, kwa hiyo usiache kuchemsha. Ila kuna bakteria wa udongoni, Bacillus cereus, ambao wakikosa chakula hujifungia ndani ya spora, kitu kidogo chenye ganda gumu. Humo hawali wala hawakui. Wanangoja. Mwaka 1876 Mjerumani Ferdinand Cohn aliona spora za ndugu zao, wanaokaa kwenye nyasi kavu, zikistahimili maji yanayochemka. Na huku kwetu milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Spora hutoka kwenye tope na mavi, zikashika chuchu za ng'ombe, zikaingia kwenye maziwa. Ganda lao huyakimbia maji, na plastiki nayo ni hivyo hivyo, basi zikigusana zinabanana. Tena spora hizi zina vinyweleo vyembamba mno, vinavyong'ang'ania kama mbegu za kishonanguo kwenye suruali yako. Maji ya kusuuza yanapita tu. Ukimimina maziwa yenye joto la ng'ombe, zinaamka, na bakteria wanaanza kuzaana. Sumu yao moja, ile ya kutapisha, haiharibiki hata ukichemsha tena. Watoto walitapika usiku, tukasema meno yanaota. Hatukuchungulia bidoni.

Na tulipoisafisha, tulitia mchanga na maji, tukatikisa mpaka ikang'aa. Mchanga ni udongo, mwanangu, una spora zake. Halafu unakwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni mahali pa kujificha. Tazama mpini wa bidoni: una uwazi ndani, maziwa huingia humo na kuganda, na hakuna brashi wala kidole kinachofika. Unuse ukiwa umekauka.

Najua tulikimbia vita Oktoba 2024, na anayekimbia habebi vyombo. Bado haya yanawezekana. Maziwa yakiisha tu, suuza kwa maji ya vuguvugu. Usianze na yanayochemka, yanayapikia mabaki ukutani. Kisha maji ya moto, sabuni na brashi, usugue taratibu hata kama dereva anapiga honi. Spora usizoweza kuziua kwa moto, ziondoe kwa mkono. Suuza kwa maji safi, pindua chombo juu ya kichanja, kikauke kabisa.

Ukipata pesa, nunua kopo la alumini lenye mdomo wa kupitisha mkono mzima. Hii bidoni tutaiachia maji ya kufulia.