Je, cha shani ni bora kuliko cha kila siku?



Sisi watu wa Kasapa twakaa mbali na bahari. Kutoka hapa Lubumbashi hata pwani ya Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita elfu moja. Samaki tunaowajua ni wale wa sokoni: ndakala wa Tanganyika wapimwao kwa kopo, samaki wakavu wa Kasenga, na makayabo ya chumvi. Nasi twawatazama kwa jicho la mpishi: Je, hawajaharibika? Watatosha watu wangapi? Bei gani?

Lakini wako watu duniani wanunuao samaki wasiowala kamwe. Huwatia katika sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, huwasha taa, kisha hukaa kitini na kuwatazama. Jambo hilo peke yake si baya. Macho nayo yana njaa yake. Bali kati ya watu hao wamo wasiotosheka na samaki mzuri tu. Wamtaka yule asiye na mwenziwe: aliyezaliwa na wazazi wa aina mbili, au aliyekosa mstari mmoja, au aliye na doa ambalo mwingine hana. Kwa samaki wa namna hiyo hutoa fedha nyingi kuliko mshahara wa mfanyakazi wa hapa kwa mwaka mzima.

Hapo ndipo latoka swali letu la leo: Je, kitu kina thamani kwa sababu ni cha shani? Na kilicho kingi, je, hakina thamani? Msidhani hili ni swali la matajiri peke yao. Mtaona mbele kwamba lawagusa hata watoto wa nchi yetu.

Tuanze na kisa. Profesa J. L. B. Smith wa Afrika ya Kusini, yule aliyejulikana dunia nzima mwaka 1939 kwa kumpa jina samaki wa kale aitwaye silakanti, alisimulia habari ya samaki mmoja aliyeletwa sokoni Unguja. Alikuwa wa jamaa ambayo watu wa pwani huiita kitatange, na wataalamu humwita Pomacanthus semicirculatus. Akiwa mtoto, samaki huyu ni wa buluu iliyokoza, na mwilini ana mistari myeupe na ya buluu iliyopinda kama nusu duara. Akikua, mistari hupotea, na mwili hugeuka kuwa wa kijani na manjano wenye madoa ya buluu. Wakati wa kugeuka, alama za mkiani huweza kufanana na herufi za Kiarabu.

Basi, juu ya mkia wa samaki yule watu walisoma upande mmoja shahada ya Waislamu, kwamba hapana mungu ila Mungu mmoja. Na upande wa pili walisoma "Shani-Allah", yaani shani ya Mungu. Watu wakasisimka. Samaki aliyeuzwa kwanza kwa peni moja, mwishowe alinunuliwa kwa rupia 5,000. Rupia ilikuwa fedha ya Unguja mpaka shilingi ilipochukua mahali pake mwaka 1936.

Tusiwacheke watu wale. Walimheshimu Mungu katika kiumbe chake, na hilo ni jema. Lakini tuulize: samaki yule aliongezeka nini kati ya peni moja na rupia 5,000? Hakuongezeka hata gamba moja. Kilichoongezeka ni hamu ya watu.

Tena sikilizeni jambo la pili. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Ujapani, Shigeru Kondo na Rihito Asai, walitoa habari ya uchunguzi wao juu ya kitatange, na aina ile ile ya Unguja ilikuwamo. Waliona kwamba mistari yake haipigwi mara moja kama chapa. Samaki asiyefika sentimita 2 ana mistari mitatu tu. Akifika sentimita 4, mistari mipya imekwisha kutokea katikati ya ile ya kwanza. Mwingereza Alan Turing alikuwa ameonyesha kwa hesabu, mwaka 1952, jinsi vitu viwili vinavyoenea mwilini kwa mwendo usio sawa viwezavyo kuleta mistari na madoa. Maana yake ni hii: kama samaki wa Unguja angeachwa baharini aendelee kuishi, maandishi yake yangaligeuka. Mtu alinunua kwa rupia 5,000 ukurasa ambao bahari ilikuwa bado yauandika.

Sasa tuseme juu ya samaki wa mchanganyiko. Katika Bahari ya Hindi, karibu na mahali inapokutana na ile ya Pasifiki, viko visiwa vya Christmas na Cocos vilivyo chini ya Australia. Huko samaki wa bahari zote mbili hukutana, na wataalamu wamehesabu zaidi ya aina kumi za machotara wa samaki wa matumbawe. Matumbawe ndiyo miamba ijengwayo chini ya maji na vijidudu vya bahari. Sababu ya machotara hao ni nini? Mara nyingi ni hii: samaki wa aina moja ni wachache mno mahali pale. Mmoja wao atafuta mwenzi wa aina yake, hampati. Basi hujiunga na wale wanaofanana naye kidogo. Mwenye sanduku la kioo huona shani, na kumbe chanzo chake ni upweke. Samaki hakutaka kuwa ajabu. Alitaka kutokuwa peke yake.

Haya, tuyapime mambo haya.

Kwanza, uchache haumo ndani ya kitu chenyewe. Mwaka 2010 huko Papua New Guinea alivuliwa samaki mwekundu wa jamaa ya wale wakaao kati ya mikono ya mnyama wa bahari awashaye kama upupu. Wenziwe wana mistari mitatu myeupe iliyonyoka. Yeye mistari yake ilitandaa mwilini kama radi mawinguni. Watu walimshangaa sana. Mwaka 2012 alizaa akiwa amefugwa, na watoto wengine wakatoka na alama yake. Wa kwanza waliuzwa kwa bei kubwa mno. Kisha, kadiri walivyozidi, bei ilishuka. Je, mzazi alififia? La. Uzuri wake ulikaa pale pale. Basi iliyoshuka ni bei, wala si thamani. Bei huhesabu wangapi wako sokoni. Thamani huuliza kitu chenyewe ni nini. Mtu asiyetenga mawili haya atadanganyika maisha yake yote, katika samaki, katika nguo, hata katika kuchagua rafiki.

Pili, mpime mnunuzi moyo wake. Mwulizeni: Kama jirani yako naye angepata samaki kama huyu kesho, je, ungefurahi? Akijibu, "Ningefurahi, tungewatazama pamoja", huyo ampenda samaki. Lakini akikunja uso, basi hakumpenda samaki hata kidogo. Alipenda kwamba wengine hawana. Furaha inayokaa juu ya ukosefu wa wengine si furaha ya kweli. Ni kiburi kilichovaa nguo za furaha.

Tatu, bei huita mwindaji. Samaki wa kilindini akipandishwa upesi, kifuko cha hewa kilichomo mwilini mwake huvimba hata kumdhuru. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wako wavuvi waliotumia sumu ya sianidi kuwalevya samaki wa mapambo ili wawakamate. Nayo sumu hiyo huua matumbawe, ambayo ni nyumba ya samaki wote, wa shani na wasio wa shani. Hivyo kwa ajili ya mmoja wa kutazamwa waliangamia wengi wa kuliwa.

Labda mmoja wenu atasema: "Lakini, ndugu mwandishi, je, si haki kukiangalia zaidi kilicho kichache? Mbuzi kumi wakipotea mmoja, twamtafuta yule mmoja." Hoja hiyo ni nzuri, nami nitaijibu kwa mfano wa karibu. Katika ziwa letu la Tanganyika, upande wa Kalemie na Moba, mji ule wazee waliouita Baudouinville, wamo samaki wanaotafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Frontosa wa Moba, mwenye nundu kichwani na rangi ya buluu, ana sifa kubwa huko. Wako na wale waitwao Tropheus, ambao rangi yao hubadilika kutoka mwamba mmoja hata mwamba wa pili. Jike la Tropheus huatamia mayai kinywani, nayo ni machache, kama kumi hivi. Wakivuliwa wengi mahali pamoja, pengo lao halizibiki upesi. Tena upande wa Zambia watu waliwahamisha Tropheus wa rangi mbalimbali, wakaachwa mahali pamoja. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba baada ya miaka 12 walikuwa wamechanganyika. Rangi iliyochukua karne nyingi kujitenga yaweza kuvurugwa na kizazi kimoja cha wanadamu.

Basi, ni kweli: kilicho kichache chadai uangalifu zaidi. Lakini tazameni tofauti. Uchache ni sababu ya kukitunza kitu, na bei yaufanya kuwa sababu ya kukitwaa. Yule amtafutaye mbuzi wa kumi hamtafuti kwa kuwa ni bora kuliko wale tisa. Amtafuta kwa kuwa naye ni mbuzi kama wao, na yu hatarini. Akisha kumpata hamfungii peke yake ili watu waje kumstaajabia. Amrudisha zizini kwa wenziwe.

Na sasa nitimize ahadi niliyotoa mwanzoni. Mtu si samaki, wala hapana haki ya kumlinganisha na mali ya mtu yeyote. Lakini jicho lililozoea kutazama alama na kumsahau mwenye alama, halikomei katika sanduku la kioo.

Wakumbukeni ndugu zetu wenye ualbino. Walizaliwa na ngozi isiyo ya wengi, na huko Tanzania na nchi nyingine, hata katika karne hii ya 21, wako waliowindwa na kuuawa kwa sababu waganga waongo walitia bei juu ya miili yao. Ndiyo maana mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 13 Juni iwe siku yao kila mwaka. Mtu hakusema, "Huyu ni mwana wa fulani." Alisema, "Huyu ni adimu." Hapo mauaji yalikuwa yamekwisha kuanza.

Wakumbukeni pia watoto machotara wa siku za ukoloni. Serikali ya Kibelgiji iliwatoa watoto wengi mikononi mwa mama zao Wakongomani, ikawaweka mbali, misioni na kwingineko, kwa sababu baba zao walikuwa Wazungu. Hao hawakutwaliwa kwa kupendwa, ila kwa kuogopwa. Lakini kosa ni lile lile: alama ilitazamwa, mtoto hakutazamwa. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017, na Waziri Mkuu Charles Michel mbele ya bunge tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua kwamba kuwatwaa hivyo wanawake watano, walipokuwa watoto wadogo, ilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Watano hao walikuwa wamekwisha kuwa mabibi. Walingoja miaka sabini wasikie neno hilo.

Basi tujibu swali. Cha shani si bora kuliko cha kila siku, wala si duni. Kila kimoja kina thamani yake kwa vile kilivyo. Uchache wanipa mimi kazi ya kutunza; haunipi haki ya kumiliki.

Na kama mwaona ni vigumu kuamini kwamba kilicho kingi chastahili kustaajabiwa, nendeni sokoni. Tazameni kopo la ndakala. Mmoja wa ndakala hao, ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, ni wa ukoo wa samaki wa bahari. Wazee wake walikuja kuzoea maji matamu zamani zisizohesabika. Maisha yake ni kama mwaka mmoja tu. Wala hana makao mengine ya asili katika dunia yote ila ziwa Tanganyika. Mtu wa Ulaya akimwona kwa mara ya kwanza angeweza kusema, "Hii ni shani." Nasi twammwaga sahanini kando ya bukari, kumi kwa mara moja, bila hata kumtazama. Mleni kwa shukrani, maana amewalea watoto wetu wengi. Lakini kabla ya kumla, mtazameni.