Moshi Wetu Waonekana Toka Juu

Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa Juni mpaka Septemba, majani yachomwa pote katika nchi ya Katanga. Asubuhi vilima havionekani vema, na jioni jua huchwa likiwa jekundu. Tumezoea. Twasema: ni ukungu wa kiangazi tu.

Lakini mwaka 1999 Waamerika walirusha setilaiti iitwayo Terra, na mwaka 2002 nyingine, Aqua. Zilizunguka dunia kwa urefu wa kilometa 700 hivi, zikipiga picha. Wataalamu huutambuaje moshi katika picha hizo? Chembe zake ndogo sana hurudisha juu mwangaza wa jua. Basi juu ya msitu wenye giza moshi huonekana kama kitambaa cha kijivu. Tena vyombo hivyo hutambua joto la mioto yenyewe. Hivyo yajulikana kwamba moshi wa Katanga, wa Angola na wa Zambia huungana, na upepo huupeleka mpaka juu ya bahari ya Atlantiki.

Hapa pana swali: katika wingu lile, moshi wa nani ni upi? Ukiisha kuchanganyika, hakuna awezaye kutenga sehemu ya kila mtu. Kwa hiyo kila mmoja wetu asema: «Moto wangu ni mdogo.» Ni kweli. Lakini wingu lote limetoka katika mioto ya namna hiyo. Na mtoto wa jirani mwenye pumu akikohoa usiku, hakohoi kwa moshi wa mtu mmoja. Ni moshi wetu sote.

Tusimhukumu mkulima upesi. Setilaiti yaona moshi, haioni njaa. Anayechoma ili apande mihogo, na anayechoma pori zima ili akamate panya, kwake ni sawasawa. Sisi tulio chini twajua tofauti, na kwa sababu twaijua, hatuna udhuru. Dhamiri yapaswa kupima kile ambacho picha haiwezi kukitenga, yaani sehemu yetu.

Basi kabla ya kuwasha kiberiti tujiulize: moto huu ni wa lazima? Tumefyeka njia ya kuuzuia? Upepo waelekea nyumba ya nani? Na jirani tumemwambia?